Makasha Yaliyorudi Mazito

Mimi naitwa Sikuzani, na ugonjwa wangu ni kuuliza. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikifika ahera nitamuuliza malaika analala wapi na analipwa na nani. Sikatai. Mtu akileta kifurushi dirishani kwetu hapa Katesh, mkono wangu unakipapasa kabla ya kukiweka kwenye mzani, na kichwa kinaanza safari yake: hiki ni kitambaa, kile ni dawa, huyu anamtumia shemeji yake viatu, kwa nini shemeji na si kaka? Zulfa, mtoto wa kaka yangu na mwenye biashara, ameshanikemea mara nyingi kwamba vifurushi vya watu si mitihani. Namjibu kwamba kama anataka mfanyakazi asiye na macho, atangaze nafasi.

Biashara aliianza kaka yangu kwa meza moja hapo stendi, mahali mabasi ya Singida na Arusha yanaposimama. Mtu anakuletea mzigo, unampa kondakta unayemwamini, mwenzako anaupokea mbele. Kaka alipofariki Zulfa akaichukua, akaweka dirisha, mzani wa umeme na kibao chenye jina lake. Tulikula vizuri. Kisha kampuni za mabasi zikafungua madirisha yao ya vifurushi, kila moja na lake, na watu tuliowajua tangu utoto wakaanza kutupita wakitazama pembeni kama wanaotafuta mbuzi aliyepotea.

Ndipo Zulfa akasikia kuwa kuna kampuni ya Nairobi inatafuta wakala wa kupokea na kurudisha mizigo ya Kenya katika wilaya za Hanang na Mbulu. Alipiga simu mpaka wakamchoka. Wakasema watawajaribu watu wawili, sisi na bwana mmoja wa Babati mwenye ofisi ya vioo, kisha watamchukua mmoja. Zulfa hakunificha kitu. Aliniambia tukiupata uwakala tutaishi, tukiukosa atafunga dirisha na kurudi kuuza vitenge vya mama yake. Alisema bila kulia, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Sasa hao watu wa Nairobi hawakutumia maboksi ya karatasi. Walikuwa na makasha ya plastiki, ya buluu, magumu, yenye mfuniko wa kubana. Mtu aliyeko Nairobi anakodi kasha, anaweka anachomtumia mama yake, ghalani wanakagua, wanafunga, linapanda lori, linavuka Namanga hadi kwetu. Hapa Doto, dereva wa kirikuu, kigari chetu kidogo cha mizigo, mtu mzima mwenye wake na watoto, analipeleka hadi mlangoni: Dongobesh, Daudi, hata Yaeda Chini ambako njia inaonekana kwa anayeijua tu. Mwenye mzigo anatoa vitu vyake, anamrudishia Doto kasha, Zulfa analibana sili ya kampuni, nasi tunalirudisha Nairobi likakodiwe na mwingine. Sharti kubwa la kampuni lilikuwa hilo. Makasha yarudi haraka, na yarudi matupu.

Nilikuwa nikiyapenda makasha yale. Nilikuwa nikiweka pua yangu ndani na kunusa Nairobi. Lina harufu gani, ghala la watu nisiowajua? Nilimuuliza Doto kama aliyelishika kasha hili kule ghalani alikuwa mwanamume au mwanamke, akaniambia, shangazi, pumzika.

Mambo yalikwenda vizuri, tukaanza kuhesabu vifaranga mayai hayajaanguliwa. Halafu siku moja simu ikalia kutoka Nairobi, na Zulfa akaipokea akiwa amesimama, akamaliza akiwa amekaa. Lori limezuiwa Namanga. Karatasi zinasema makasha ni matupu, mizani inasema si matupu. Wakaguzi wamefungua moja wakakuta vitunguu saumu. Wamefungua la pili, maharage. Mazao hayavuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea, na haya yetu hayakuwa hata na salamu ya kiongozi wa kitongoji. Yakachukuliwa. Lori likakwama pale, na mapazia na mashati ya watu wengine yaliyokuwemo yakafika Nairobi yananuka vitunguu saumu. Kampuni ikasema itamleta mtu kuja kuona kwa macho yake, na huyo ndiye atakayeamua nani apewe uwakala.

Zulfa akatuita, mimi na Doto. Akauliza nani anapakia vitu kwenye makasha. Doto akalishangaa swali. Akasema hakuna anayepakia, wenyewe tu wanarudisha. Nami nikasema hivyo hivyo, maana kila kasha lilipita mikononi mwangu. La Dongobesh lilikuwa na maharage, la Yaeda Chini lilikuwa na chupa ya asali, la Daudi vitunguu saumu vilivyofungwa vizuri kabisa. Nilifunga mfuniko nikaendelea na kazi zangu.

Na kwa nini nisiendelee? Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli unalirudishaje? Unatia viazi, unatia kikombe cha unga, ukikosa kabisa unatia chumvi. Bakuli likirudi tupu jirani anakaa chini kujiuliza alikukosea lini. Hili halifundishwi shuleni. Mtoto analijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Sasa Nairobi waliposema kasha lirudi tupu, sisi tulielewa mzigo uwe umeshushwa. Kile kinachotiwa mle baadaye hakuna mtu Mbulu nzima anayekiita mzigo. Nilimweleza Zulfa yote hayo kwa sauti ya juu kidogo, maana nilikuwa nimeshakasirika, nikidhani anatulaumu.

Zulfa aliinamisha kichwa. Akasema polepole kwamba na yeye aliviona, kila mara, wakati anabana sili, na wala haikumpitia akilini kwamba ni kosa.

Kule Babati jambo hili lisingetokea, kwa sababu mteja anafuata mzigo wake mwenyewe, anautoa pale pale mbele ya vioo, na kasha halifiki kwake. Sisi tuliokuwa tunajisifu kwamba tunapeleka hadi mlangoni ndio tuliolipeleka kasha nyumbani kwa mtu, na likishafika nyumbani kwa mtu linakuwa chombo kama vyombo vingine.

Lakini wakati wao wanahuzunika, mimi swali langu lilikuwa limeshaota miguu. Yaliyokamatwa ni ya safari moja. Kabla ya hapo yalishavuka mangapi, yakiwa na vitu? Na kasha likifika Nairobi haliendi kwa mtoto aliyelituma, linaenda ghalani. Basi vile vitunguu vya mwanzo, ile asali, yale maharage, nani alikula?

Mgeni alifika siku chache baadaye, dada wa miaka kama thelathini, viatu vya kupandia milima, nywele fupi. Akaniambia hujambo. Mimi, mwenye umri wa mama yake, hujambo. Zulfa akanikanyaga mguu chini ya meza kabla sijamfundisha shikamoo. Baadaye nilikumbuka kwamba kwao haitumiki kama kwetu, nikamsamehe, ila ilichukua muda. Kilichonisaidia kumsamehe ni kwamba naye alikuwa na ugonjwa wangu. Aliuliza kwa nini makasha yanakaa kivulini, kwa nini Doto anaanza na Dongobesh, kwa nini tunaandika jina la mama na si la mtaa. Nikamjibu kwamba mitaa haipokei mizigo, mama ndiye anayepokea. Alicheka, akaliandika hilo.

Nikaona naye ni mtu wa kuulizwa. Nikamuuliza nani alikula. Akasema hakuna. Ghala halijawahi kuripoti kwamba makasha ya huku yana kitu ndani. Nikamwambia vitunguu saumu havina miguu, na asali haikauki njiani. Alinitazama kidogo, akasema kweli, hilo nalo ni swali.

Kisha akasema la kwake, bila kuzunguka. Mwenye kesi zaidi ya wote alikuwa mama mmoja wa Daudi, jina lake Philomena, mjane mkulima, ambaye mwanawe Joakimu anashona makochi Nairobi. Makasha yake ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko yote. Zulfa akaongeza kwamba kule Daudi akina mama wanamfuata Mama Joakimu kwa kila kitu. Ndiye kiongozi wao kanisani, akipanda mbegu fulani nao wanapanda hiyo. Mgeni akasema vizuri, basi twende kwake. Akasema akimsikia kwa masikio yake akikubali kurudisha makasha matupu, ataandika kwamba Katesh inafaa. Asipokubali, uwakala utakwenda Babati, na isichukuliwe vibaya.

Tuliondoka alfajiri na gari lake. Mimi sikualikwa, nilikuta mlango wa nyuma uko wazi nikaingia. Tulipita Endasak, tukapanda mlima wa Dareda na kona zake, tukanyoosha Dongobesh, tukaipita Mbulu mjini. Baridi ikawa inapenya kwenye madirisha. Mgeni aliuliza jina la kila kilima. Mengine Zulfa aliyajua, mengine niliyatunga mimi, maana mgeni haachwi na njaa.

Nyumba ya Mama Joakimu ni ya matofali ya kuchoma, bati jipya, ng'ombe wawili nyuma, na chini ya upenu vitunguu saumu vimening'inizwa mafungu kwa mafungu vikikauka. Harufu ilitupokea kabla ya mwenyewe. Alitoka akifuta mikono, mama mrefu, mkavu, mgongo umenyooka ingawa amenizidi sana umri. Nilimwamkia shikamoo, Zulfa akamwamkia, na mgeni naye, Mungu ambariki, akaokota neno kutoka kwetu akalitamka kwa shida. Mama Joakimu akaitikia marahaba zote tatu, moja moja, kisha akatukaribisha ndani na kuweka maziwa jikoni kwa ajili ya chai.

Zulfa alieleza. Sijawahi kumsikia akieleza jambo vizuri hivyo. Alisema habari ya mpaka, cheti, wakaguzi, lori lililokwama, watu waliocheleweshewa vitu vyao. Alisema habari ya dirisha la baba yake na bwana wa Babati. Alimwomba, kwa heshima yote, kasha likiwa limeshatolewa vitu arudishe kasha peke yake.

Mama Joakimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu ananiletea kasha limejaa, na mimi nimrudishie tupu? Atasema nimemkasirikia. Hapana, mwanangu Zulfa. Kama ni hivyo, bora asilete."

Mgeni akaanza kusema jambo la kanuni, nikamgusa goti anyamaze. Zulfa alijaribu tena kwa njia nyingine, na mama akakataa kwa upole ule ule, akimwongezea chai. Nilimwona Zulfa akitazama kikombe chake kama mtu anayetazama shimo. Nilimwonea huruma sana, na pia nilimwonea hasira yule mama, na tena nilijua kwamba mimi mahali pake ningekataa kwa kelele zaidi.

Nikaona kama tumeshindwa, basi angalau niondoke na jibu langu. Nikamuuliza, mama, Joakimu aliwahi kukwambia kwamba amevipata vile vitunguu?

Akatabasamu. Akasema wanaume hawasemi kwa mdomo. Yeye hutuma vitunguu, na kasha linalofuata, chini kabisa, chini ya vitu vingine vyote, Joakimu humwekea majani ya chai. Hajawahi kukosa tangu alipoanza kumtumia vitunguu. Hata chai hii tunayokunywa ni yake. Alisema akina mama wa kanisani wote wameionja, na wote wanajua ni chai ya Joakimu. Akainuka, akachukua pakiti kabatini akaiweka mezani ili tuione.

Ilikuwa pakiti ya karatasi ya kaki, haina chapa ya duka lolote, imezungushiwa utepe wa plastiki wa buluu. Mimi niliinusa. Zulfa hakuitazama. Lakini mgeni aliichukua, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya ule utepe, akaigeuza tena. Uso wake ukabadilika. Akaomba ruhusa, akatoka nje na simu.

Dirishani tulimwona akipanda juu ya tuta kutafuta mtandao, akiongea, akisikiliza, mkono kiunoni. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyoongea. Nilitamani kufungua dirisha. Nilijizuia kwa sababu Mama Joakimu alikuwa akinitazama.

Aliporudi hakukaa. Alisema utepe ule ni wa kampuni, wanafungia makasha ghalani, na hauuzwi dukani. Na majani yale kampuni huwapa wafanyakazi wake kila mwisho wa mwezi, yananunuliwa shambani kwa wingi na kufungwa hivyo hivyo. Amempigia mzee anayesimamia ghala, mzee Mutiso, akamuuliza, na mzee hakuficha. Kasha la kwanza kutoka Daudi lilipofunguliwa wakakuta vitunguu, vimefungwa vizuri, na ubavuni pa kasha kuna jina la mama. Waliuliza huku na huku, hakuna aliyeagiza. Wakajua ni zawadi. Wakagawana, wakapika. Na Joakimu alipoleta tena kasha la kumtumia mama yake, mzee Mutiso akaona haya kulifunga bila kutia kitu, akatia majani yake ya chai. Ikawa hivyo kila mara. Yule wa maharage walimtilia sukari. Wa asali walimtilia sabuni.

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Swali lililonikosesha usingizi lilikuwa limejibiwa, na jibu lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia. Watu wa Nairobi, ambao nilidhani wana mizani tu, kumbe nao wamelelewa. Nilitaka kucheka. Kisha nikamwona Mama Joakimu.

Alikuwa ameishika ile pakiti kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo Joakimu hajaonja vitunguu vyangu," alisema.

Mgeni akasema hajaonja.

"Na hii si yake."

Akasema si yake.

Mama aliiweka pakiti mezani taratibu. Akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Akatoka kwa mlango wa nyuma, na hatukusikia ng'ombe yeyote akilalamika.

Hapo ndipo nilipomgeukia mgeni. Nilimuuliza ilikuwa na haja gani kusema. Mama wa watu alikuwa na chai ya mwanawe, ameinywa miezi yote hii, amewanywesha majirani, na yeye kwa dakika moja amemnyang'anya. Mgeni alikuwa na machozi machoni. Akasema hakujua namna nyingine, mimi nilimuuliza nusu ya jambo, yeye akajibu lote. Akasema na yeye yuko taabani, maana akiandika kosa la Katesh lazima aandike na la ghala lake, na mzee Mutiso amebakiza muda mfupi astaafu. Zulfa alikuwa amekunja mikono mapajani, kama anayesubiri matokeo hospitalini.

Tulisubiri mpaka chai ikaganda utando juu.

Mama Joakimu aliporudi alikuwa ameosha uso. Alikaa, akajifunga kitenge vizuri, na swali lake la kwanza likanishangaza. Alitaka kujua kama huyo mzee Mutiso ana mke. Mgeni akasema anaye. Watoto? Wapo, wakubwa. Kwao ni wapi? Machakos. Wanalima? Wanalima, ila mvua inawasumbua. Akaitikia kila jibu kwa kichwa. Ni maswali ambayo ningeuliza mimi, na kwa mpangilio ule ule.

"Basi ni watu," alisema. "Mpigie, niongee naye."

Tukatoka wote hadi juu ya tuta, upepo ukivuta nguo zetu. Mgeni akapiga, akaweka sauti ya nje, akampa simu. Mzee Mutiso alipojua anaongea na nani alianza kuomba radhi, maneno yakamtoka mengi kwa pamoja, kwamba walidhani, kwamba hawakujua, kwamba vilikuwa vitunguu vizuri sana. Mama alimwacha amalize. Alimshukuru kwa chai. Alimwambia ni chai nzuri, inashika rangi hata maziwa yakiwa mengi. Kisha akaisogeza simu karibu zaidi na mdomo.

"Mzee Mutiso, kasha linakuja sasa, na halina kitu ndani. Usije ukafikiri vibaya. Hatujakosana."

Kule upande wa pili zikasikika kelele za ghala, mtu akiburuta kitu sakafuni. Kisha mzee akasema amesikia. Akasema na lao likija bila majani, mama naye asifikiri vibaya.

Mama akamrudishia mgeni simu. Alishuka hadi nyumbani, akaingia chumbani, akatoka na kasha la buluu. Lilikuwa limeshatiwa vitunguu, tayari kwa Doto. Akavitoa mbele yetu, fungu moja baada ya jingine, akavirudisha chini ya upenu. Alipomaliza aliliinamisha kasha, akalifuta ndani kwa upindo wa kitenge, pembe zote nne, na mkono wake ukabaki mle ndani kwa muda kama aliyesahau kuutoa. Zulfa alitaka kumsaidia. Nilimzuia. Kisha mama akalibeba mwenyewe hadi kwenye gari, akampa mgeni.

Alisema atawaambia na wenzake kanisani Jumapili. Watakataa kwanza, alisema, kama alivyokataa yeye, lakini watakubali ikiwa kila safari kuna mtu wa kuwaeleza wale wa Nairobi. Hilo ndilo sharti lake. Alimtazama Zulfa, Zulfa akanitazama mimi.

Sisi tulipoingia kwenye gari yeye alikuwa ameshasimama tena juu ya tuta na simu yake ndogo, akimwita Joakimu, akimweleza kwa sauti kubwa kwamba vitunguu alivyomtumia vimeliwa na watu wengine, na vingine vipo huku nyumbani, aje avile.

Tulirudi hadi Dongobesh. Pale mgeni alisimamisha gari, akaandika kitu kwenye simu yake, akamwonyesha Zulfa kabla ya kukituma. Uwakala ulikuwa wetu. Zulfa alilia hapo, kwa sauti, akiwa ameegemea dashibodi, na mimi nikamshika bega kutoka nyuma. Nilikuwa nimelipakata lile kasha. Njia nzima nilitaka kulifungua nione kama kweli halina kitu, ingawa nilimwona mama akilifuta kwa macho yangu mwenyewe.

Siku hizi makasha yanakuja mengi, na si ya Nairobi tu. Kuna ya Kampala, na Zulfa ameanza kuulizia njia ya Kigali. Kazi yangu imeongezeka. Lori likishapakiwa na sili zote zikishabanwa, nachukua simu ya ofisi nampigia mzee Mutiso, ambaye bado yupo ghalani kwake, na sasa nampigia pia mama mmoja wa ghala la Kampala ambaye Kiswahili chake nakifuata kwa shida. Zulfa huwa analalamika kidogo kuhusu vocha, kisha ananinunulia nyingine. Nawaambia wote jambo moja. Yanakuja matupu, hatujakosana. Mzee Mutiso anasema amesikia, nao hawajakosana nasi, kisha ananiuliza kama huku mvua imenyesha, nami namuuliza ya kwake.